Tulisema Amesafiri

Miaka kumi na minne nimekuwa nikipiga chapa viapo vya watu katika ofisi ya wakili mmoja pale Vuga, na muda wote huo hapana aliyewahi kuniuliza kama mimi mwenyewe ni mkweli. Angeniuliza ningemjibu ndiyo bila ya kupepesa macho. Basi leo nasema: mimi ni mwongo, na uongo wangu ulimponza mdogo wangu, kisha ukamponza mtu asiyekuwamo kabisa.

Si uongo wa kuiba wala wa kumsingizia mtu, la hasha. Ni uongo wa sitara, na wenzangu wa Unguja hamhitaji kuelezwa. Sisi likitufika jambo la aibu tunalifunika kwanza, halafu ndiyo tunalilia, tena chumbani, mlango umefungwa. Mume kaondoka na mwanamke mwengine, tunasema kapata kazi Bara. Binti karudishwa kwao wiki ya pili ya harusi, tunasema kaja kumuuguza bibi yake. Jirani anajua, nasi tunajua kwamba anajua, na bado anatuuliza mgonjwa anaendeleaje, nasi tunamjibu hajambo. Mama yangu katika kazi hii alikuwa fundi mkuu, na mimi ndiye mwanafunzi wake.

Tunakaa Sokomuhogo, ghorofa ya pili, katika nyumba ya urithi ambayo nusu ya warithi wake wako Maskati na hawataki kuuza wala kutengeneza. Kichochoro chetu ni chembamba, hata sisi na jirani wa mbele tunapeana bakuli la mchuzi dirisha kwa dirisha bila ya mtu kushuka ngazi. Jirani huyo ni mjane mwenye binti mmoja. Hatuna nasaba naye, lakini tangu utotoni tunamwita mama mdogo, naye anatugombeza kwa haki zote za jina hilo.

Mdogo wangu ni fundi wa simu. Ana kibanda Darajani, na kazi zinazomshinda kumaliza huja nazo nyumbani ndani ya mkoba. Mwaka ule alikuwa kachumbia Bwejuu, posa imeshapokewa, tunangoja kupanga siku ya ndoa. Siku moja alikwenda kuwasalimia wakwe zake watarajiwa akarudi na video aliyoipiga pwani: wanawake wanaambiwa waondoe mwani wao pale wanapouanika, kwa sababu pahala hapo pana mwenyewe mpya. Akaitia kwenye makundi ya simu na maneno yake juu. Maneno hayo nimeyasikiliza mara nyingi sana tangu siku ile, na wallahi hamna tusi hata moja. Aliuliza tu nani kauza, na kamuuliza nani. Nilimwambia, "We domo lako hilo!" Akacheka, akaniambia mimi nimezoea kupiga chapa maneno ya watu, sijui ladha ya kusema ya kwangu.

Walikuja Jumamosi, saa nne asubuhi. Mama alikuwa jikoni anakuna nazi, mimi napiga pasi. Tukasikia hodi, hodi ya adabu kabisa, na Mama akaitikia karibuni kabla hajajua ni nani. Waliingia wanaume watatu, mashati safi, viatu wamevivua mlangoni. Aliyekuwa mdogo wao akasema, "Shikamoo, mama." Mama akasema marahaba baba, akanipungia mkono niwaletee maji ya kunywa. Nikaenda kuyaleta. Sitaki mtu anifichie hilo wala mimi silifichi: niliwatilia maji katika bilauri zile nzuri.

Walipomaliza kunywa wakaanza kupekua. Walifungua makabati, wakafungua droo yangu ya nguo za ndani, wakazitoa moja moja huku mdogo wangu kasimama ukutani anatazama chini. Kisha wakavuta sanduku la Mama kutoka uvunguni. Ndani ya sanduku hilo mna sanda yake. Alijinunulia mwenyewe, akaikunja na kafuri na pamba, kama wafanyavyo wazee wengi wa kwetu, asimsumbue mtu siku yake ikifika. Yule kijana wa shikamoo akaichomoa.

"Hii nini?"

"Sanda yangu, baba," Mama alisema.

Akaikunjua yote. Akaikung'uta, upande huu na upande huu, harufu ya kafuri ikajaa chumba kizima, kisha akaiwacha sakafuni. Mama aliinama akaanza kuikunja, na mikono yake ilikuwa bado ina machicha ya nazi.

Sasa sikilizeni. Mimi maneno ya sheria nayajua. Nimeyapiga chapa mpaka vidole vinayajua bila ya macho: kwamba mtu hakamatwi ila aelezwe sababu, kwamba nyumba yake na barua zake na mambo yake ya siri si ya kuchezewa, kwamba akikamatwa afikishwe mahakamani ndani ya siku moja na jamaa zake wajue alipo. Nilitakiwa kusema, "Karatasi iko wapi? Nyinyi ni nani? Mnampeleka wapi?" Maneno matatu tu. Mdomo wangu ulisema nini? Ulisema, "Avae viatu kwanza."

Wakamtoa. Wakachukua simu yake, na ule mkoba wenye simu za wateja, kumi na moja. Nilikimbilia dirishani nikawaona wanampitisha kichochoroni, mmoja mbele, mmoja nyuma, mmoja kamshika kiwiko. Nilipoinua macho nilimkuta mama mdogo dirishani kwake, kajitanda kanga, mkono mdomoni. Ameona yote.

Mama alimaliza kuikunja sanda yake, akafunga sanduku, akanifuata. Alinivuta bega, akafunga dirisha.

"Hapana mtu kujua," akasema. "Bwejuu wakisikia mwanangu kachukuliwa na serikali watairudisha posa. Kasafiri. Atarudi leo au kesho, na sisi tutakuwa hatukusema kitu."

"Mama mdogo kamuona."

"Basi mwambie alichokiona."

Nikafungua dirisha nikamwambia. Lo, nilisema vizuri! Nilisema kapata kazi Tanga ya kufunga kamera hotelini, wale ni wenzake wamekuja kumchukua, wanaiwahi boti.

"Yule aliyemshika mkono naye mwenzake?"

"Wanataniana, mama mdogo. Si unawajua vijana."

"Haya," akasema. "Mungu amfikishe salama."

Jioni ile nikaandika kwenye kundi la ukoo, maana shangazi zetu wa Makunduchi humpigia kila siku na wangeanza kuulizana. Niliandika: mdogo wangu kasafiri kwenda Tanga kwa kazi, simu yake mbovu, asipopatikana msitie wasiwasi, mumuombee dua. Watu wakaitikia amin, amin, na maua na mikono ya dua. Kundi lile lina watu kutoka Makunduchi mpaka Uarabuni, na wote wakalala na amani.

Jumapili baada ya Adhuhuri nilikuwa naupitia ujumbe wangu kutazama nani kausoma na nani bado. Nikaliona jina la mdogo wangu. Kausoma saa saba na dakika kumi mchana ule ule. Nilipiga ukelele: "Mama! Yuhai! Kaufungua ujumbe, kausoma!" Mama akasujudu pale pale juu ya busati, akalia kwa furaha, nami nikalia. Ilipita kama robo saa ndipo nikakumbuka. Simu yake wanayo wao. Yeye hajasoma kitu. Wao ndio wako ndani ya kundi letu, wamekaa na shangazi zangu, wanatazama picha za vitoto vyetu na kusoma nani kaumwa, nani kazaa, nani kagombana na nani. Mama nilimwacha na furaha yake. Sikuweza kumwambia mpaka kesho yake.

Jumatatu sheha alipita. Ni kazi yake kujua nani kaingia mtaani na nani katoka, na alikuja kwa upole, kasimama mlangoni na daftari lake. Akauliza kama mambo yetu salama, kwani kasikia Jumamosi kulikuwa na wageni. Nikamwambia Tanga, hoteli, kamera. Akaandika. Nilimsomea hata herufi za jina la kazi yenyewe, asije akakosea.

Tukaanza kumtafuta kwa siri. Nikitoka kazini nafunga chapati na chupa ya chai, naingia kituo hiki na kile, mjini kwanza, halafu shamba. Kila pahala jibu moja, hayupo. Kituo cha nne nilimkuta askari mmoja mtu mzima, mcheshi, aliniuliza jina la ninayemtafuta nikamwambia. Akatabasamu.

"Dada, huyo si kenda Tanga?"

Mimi Tanga sikumtajia. Nilimtajia jina tu. Niliondoka pale chapati zikiwa bado moto, nikaketi juu ya ukuta wa nje. Walikuwa wamenipokonya uongo wangu, sasa ni wao wanaoutumia.

Siku tisa nilikaa kazini mbele ya bosi wangu nikipiga chapa mashamba ya watu na talaka za watu, sikusema. Siku ya kumi alinipa kazi ya mama mmoja aliyedai mwanawe kachukuliwa. Nilifika kwenye neno "alichukuliwa" vidole vikagoma. Mzee wakili, bosi wangu, aliniita mara mbili, "Bibie! Bibie!" Nikamwambia yote kwa mpigo mmoja.

Nilidhani atanihurumia. Alikasirika kama sijapata kumuona. "Siku tisa, mwanangu? Unakaa hapo siku tisa, vitabu vyote hivi nyuma yako? Kila siku moja unayoinyamazia unawapa wao!" Kisha akavua miwani, akaifuta, akasema kwa sauti nyengine kabisa, "Vuta kiti. Tunaandika."

Tuliandika ombi kwa mahakama, kwamba wanaomshikilia waamriwe wamlete, hai, mbele ya jaji, na waseme wamemshika kwa sheria gani. Nililipiga chapa mwenyewe, na kiapo changu mwenyewe chini yake. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Upande wa pili ulisema hawamjui, hawanaye, na kwamba kwa ushahidi wa familia yake mwenyewe kijana huyo kasafiri. Wameambatisha ujumbe wangu wa kundi la ukoo, umechapishwa kwenye karatasi nzuri nyeupe, na amin za shangazi zangu chini yake. Wameambatisha na barua ya sheha. Mzee aliniwekea karatasi hizo mezani bila ya kunitazama.

"Kiapo chako kinasema kachukuliwa," akasema, "na mkono wako unasema kasafiri. Jaji amwamini nani? Ametupa wiki moja. Nahitaji mtu mwengine, si wa damu, aliyeona kwa macho yake."

Aliyeona ni mmoja.

Nilikwenda kwake kwa mlango, sio kwa dirisha. Mama mdogo alinikaribisha, akanipa kahawa, akanisikiliza mpaka mwisho. Alipojibu alijibu polepole, na kila neno lilinichoma.

"Nilimuona. Nilimuona alivyoshikwa, na shati lake lilivyopanda mgongoni. Nikalia peke yangu hapa. Ukafungua dirisha ukanambia sikuona. Nikasema haya, mtoto wangu anataka sitara, nimpe. Sasa unakuja kunambia nione?"

"Nisamehe, mama mdogo."

"Nshakusamehe, si hilo. Simu ya binti yangu imo kwenye ule mkoba, ilipasuka kioo. Unajua mna nini ndani? Mna picha za kwetu ndani, za chumbani, za kusukana nywele, anazopelekeana na wenziwe wa kike. Mtoto ana mchumba. Nikenda kuapa, wale wenye simu watafanya nini?"

Nilimaliza kahawa, nikashukuru, nikarudi kwetu. Nilimchukia kwa muda wa ngazi ile moja tu, halafu nikakumbuka ni nani aliyemfundisha kunyamaza.

Ijumaa ya wiki ile, baada ya sala, walikuja wanawake watano wenye simu zao kwa mdogo wangu. Walikuwa wameshachoka kuzungushwa. Wakajazana ngazini, kila mmoja anauliza lini, na mimi kama kasuku nikaanza, "Akirudi kutoka Tanga..."

"Basi." Ilikuwa sauti ya Mama, kutoka ndani. "Basi, mwanangu. Wacha."

Alitoka na mkongojo wake, akasimama juu ya ngazi, kichwa wazi, na mama yangu mbele ya watu hatoki kichwa wazi. Dirisha la mbele lilikuwa wazi pia.

"Mwanangu hakwenda Tanga," akasema. "Kachukuliwa, hapa, na watu watatu, saa nne asubuhi, nikawapa na maji. Siku ya kumi na nne leo sijui kama anakula. Na simu zenu wanazo wao. Mimi ndiye niliyesema tuseme kasafiri, msimlaumu huyu."

Halafu, jamani! Nilitegemea watamkumbatia. Mmoja alipiga kelele, "Picha zangu! Nimepiga picha kichwa wazi na watoto wangu!" Mwengine akakaa chini kwenye kidato, akajishika mashavu. Wa tatu, wa ghorofa ya juu yetu, alituwasha kwa maneno: "Wiki mbili mnatufanya wajinga! Ningejua ningekwenda kuidai mapema!" Alisema kweli, na Mama akamwambia kwamba anasema kweli. Ng'ambo ya kichochoro nilimuona mama mdogo anafunga dirisha lake taratibu, na komeo likaanguka. Nikajua yamekwisha.

Jumamosi asubuhi nilipofika Vuga nilimkuta kakaa kwenye kibaraza cha ofisi, kavaa buibui lake la harusini, mkoba mapajani.

"Washaziona," aliniambia, kabla sijamwamkia. "Nisipoapa washaziona, nikiapa washaziona. Usiku kucha nafikiri hilo. Andika kabla sijageuza nia."

Nikaandika. Mimi ni mtu mzima, mwenye akili timamu, naapa na kueleza kama ifuatavyo. Aliona nini, saa ngapi, amesimama wapi. Alinisahihisha mara tatu. Nilipoandika "walimtoa" alisema, "Hapana, andika walimkokota, kwani mguu mmoja aliuburura." Akaapishwa, akatia saini kwa herufi kubwa za madrasa. Tulipotoka nje nilimshika mkono mpaka Sokomuhogo.

Siku mbili kabla ya shauri kusikilizwa, mdogo wangu alipiga kwa simu ya muuza duka mmoja Mbweni. Wamemwacha kando ya njia, mchana, jua kali, wakaondoka. Alirudi na teksi. Amekonda, ndevu zimemtoka, na miguuni kavaa kandambili mbili zisizolingana. Mama alimlisha kwa mkono kama alivyomlisha akiwa mdogo. Wajirani walikuja, wengine walilia, mama mdogo alimshika uso akamwambia, "Nimekuona tena, alhamdulillahi." Mdogo wangu hakumtazama. Nilidhani ni uchovu.

Mahakamani tulikwenda tukitembea vifua mbele. Wakili wa Serikali akasimama, akasema ombi halina haja tena, mwenyewe huyu hapa, na tena hakuwahi kushikwa. Akatoa karatasi. Ni maelezo ya mdogo wangu, yenye saini yake, kwamba alikwenda Bara kwa hiari yake kutafuta kazi na amerudi salama.

Jaji akamuuliza kama saini ni yake. Akasema ndiyo.

"Ulisafiri?"

Alinitazama mimi, si jaji. "Nilisafiri," akasema.

Nje ya mahakama nilimkamata shati. Nilikuwa na hasira ya kumpiga. "Kwa nini? Kwa nini, we mtoto?"

Ndipo akasema, mara yake ya kwanza na ya mwisho. Siku ya pili walimpelekea simu yake chumbani, wakamsomesha ujumbe wangu. Wakamwambia: unaona? Kwenu wameshasema umesafiri, wanakuombea dua, hapana anayekutafuta. Wakamsomesha kila siku, na kila amin mpya. Baadaye wakamletea mkoba, wakawa wanafungua simu moja moja mbele yake, wanacheka. Wakasema akitia saini kwamba alisafiri, simu zitarudi kwa wenyewe na picha hazitatoka. Akatia.

"Nilikuwa nawasitiri," akasema. "Kama nyinyi."

Mzee wakili alikuwa nyuma yetu, amesikia. Hakumgombeza. Aliuliza tu kwa sauti ya chini, "Na yule bibi aliyeapa kwamba kakuona unakokotwa? Sasa kaapa nini?"

Sikumwelewa mara moja. Miaka kumi na minne, na sikumwelewa. Kama mdogo wangu alisafiri, basi mama mdogo kala yamini ya uongo mbele ya mahakama, na hilo ni kosa linalomfunga mtu. Mimi ndiye niliyekipiga chapa kiapo chake, na ndugu yangu ndiye aliyekigeuza kuwa uongo. Nilimwambia mzee tumrudishe mdogo wangu ndani, aseme kweli. Tuligeuka, mdogo wangu keshafika barabarani, anakwenda mbio akiwa ameinamisha kichwa.

Simu hazikurudi. Nyumbani alijifungia. Nilimbisha, nilimbembeleza, nilimtukana, Mama naye alimwapiza. Alisema atakwenda, atasema, nimpe siku mbili tu. Nilikwenda kwa mama mdogo nikamweleza, nikalia mbele yake. Alisikiliza akichambua mchele.

"Basi ntawangoja," akasema. "Wakija nijue tu ni wao."

Walikuja Jumatatu, saa tatu na robo. Nilikuwa nafunga mtandio niende kazini nikasikia hodi ya adabu, ng'ambo. Nilifungua dirisha lote, mabawa mawili. Walikuwa wawili kati ya wale watatu na mwengine nisiyemjua, na yule kijana anamwambia shikamoo. Mama mdogo hakuitikia. Alikuwa keshavaa buibui. Binti yake alikuwa amemshika kiunoni, na mama yake akawa anambandua vidole kimoja kimoja, polepole, bila ya kumuumiza.

"Karatasi iko wapi?" Nilisikia sauti inapiga kelele, kumbe yangu. "Mna karatasi gani? Nyinyi ni nani? Mnampeleka wapi?"

"Ni mahojiano tu, dada. Rudi ndani."

Wakamtoa kichochoroni. Hapo chini ndipo aliposimama, akawagomea, mtu mzima wa miaka sitini na ushei, akainua uso kwenye madirisha yetu yote.

"Jamani, wazazi wenzangu!" akasema kwa sauti kubwa. "Mimi siendi safari! Mnanisikia? Sina safari mimi! Nachukuliwa! Na msije mkasema hamkuniona!"

Madirisha mawili yakafungwa. Nilisikia makomeo.

"Nimekuona!" nilipiga ukelele. "Leo Jumatatu, saa tatu na robo, watu watatu! Nimekuona, mama mdogo!" Mama alikuwa kando yangu, naye anapiga kelele hivyo hivyo, na kutoka ghorofa ya juu mwanamke mmoja, yule aliyetuwasha ngazini, akasema nimekuona. Nyuma yetu mdogo wangu alikuwa kakaa sakafuni chini ya dirisha, magoti kifuani, kaziba masikio. Nilimvuta mkono ainuke. Hakuinuka. Nilimvuta tena.

Yule wa nyuma alisimama mwisho wa kichochoro. Akatoa simu, akaiinua, akaanza kutupiga picha, dirisha moja baada ya jengine, bila ya haraka. Lilipofika letu nilikuwa bado namvuta mdogo wangu mkono, na yeye alikuwa ameinuka mpaka magotini.